Gundi Haijakauka

Nilistaafu mwezi uliopita, na wiki haijaisha vijana wa klabu wakanijia nyumbani Al Amerat wakitaka niwaandikie habari za kazi yangu. Walikuja wanne kwa gari mbili. Wapanda baskeli wote hao, na hakuna hata mmoja aliyekuja kwa baskeli. Nikawauliza kwa nini. Wakasema jua kali. Sisi tulikuwa tukifanya mazoezi saa nane mchana, kwa sababu hiyo ndiyo saa pekee ambayo mlinzi wa uwanja alikuwa akilala.

Basi nnaandika. Kichwa walichonipendekezea, "Safari ya Bingwa", nimekikataa. Medali zimo kwenye droo, na mke wangu Thuraya ndiye anayejua droo gani. Nilikuwa mpanda baskeli wa uwanjani kwa miaka kumi na kidogo, kisha mwalimu na fundi kwa muda wote uliobaki, na nimejifunza mambo machache ambayo nyinyi mnayafanya kombo kila siku mbele ya macho yangu. Yamo humu. Na yamo mengine ambayo hamkuniuliza.

Mchezo huu hapa kwetu Maskati ulianza kwa kosa la karani. Nilikuwa kijana, tarishi wa ofisi moja ya michezo, Al Khuwair. Wazee wangu walitoka Unguja mimi nikiwa mdogo, na Kiarabu changu kilikuwa bado kinachekwa. Ofisi ikaagiza baskeli sita za mbio za barabarani, na mtu mmoja, sijui nani hata leo, akatia alama kwenye safu siyo. Masanduku yakafika, tukayafungua uani, watu wakasimama wakizitazama. Hazina breki. Hazina gia.

"Tumeletewa nusu," alisema mkubwa wetu. "Vipande vingine viko wapi?"

Tulivitafuta siku mbili nzima. Tulipekua mpaka makaratasi ya kufungia. Barua zikaandikwa, zikajibiwa, zikaandikwa tena. Mwisho mkubwa akanituma Ruwi nikamwite fundi aje azitie breki, na fundi mwenyewe alikuwa Ami Hilali.

Hakuwa ami yangu wa damu. Sote tuliotoka Unguja tulimwita hivyo. Alikuwa mtu mwembamba, mkavu wa maneno, mwenye duka la kutengeneza baskeli ambalo upana wake ulikuwa upana wa mlango. Nilikuja kuhadithiwa na watu wengine kwamba Unguja, enzi zake, alishindana kwenye viwanja vya majani vilivyochorwa chokaa, na kwamba hakuwa akishindika. Yeye mwenyewe ukimuuliza alikwambia ushike spana. Siku ile alipoingia uani na kuziona zile baskeli, alivua kofia. Sijapata kumwona akimvulia kofia mtu yeyote.

"Nani kasema hizi zitiwe breki?"

"Mkubwa."

"Mwambie mkubwa hizi ni baskeli za uwanjani, zimeundwa hivi hivi. Akitoboa hata moja kutia breki, mimi nnakwenda zangu na asiniite tena."

Mkubwa alipochoka kubishana naye, alisema basi wapatikane watu wa kuzipanda. Mimi nilikuwa nimesimama karibu. Ndivyo nilivyochaguliwa, na wale wanaosimulia kwamba nilionekana nna kipaji tangu utotoni waache.

Kwa asiyejua, baskeli ya uwanjani pedali zake zimefungamana na gurudumu la nyuma. Gurudumu likienda, miguu inakwenda, na kupumzika hakuna. Siku ya kwanza niliacha kupiga pedali kwenye kona, kwa mazoea tu, na baskeli ikanirusha juu ya usukani kama gunia.

"Nani kakwambia uache?" aliuliza Ami Hilali. Hakuja kuninyanyua.

"Nilichoka."

"Baskeli imekuuliza kama umechoka?"

Uwanja wa baskeli haukuwapo. Tulikuwa tukizunguka kwenye njia ya wakimbiaji, pembezoni mwa kiwanja cha mpira, mpaka mlinzi aamke atufukuze. Watu wa mpira walisema tunawaharibia. Watu wa riadha walisema tunawaharibia. Tukahamia njia ya Yiti, wakati huo haina magari mengi, na huko askari wa barabarani akanisimamisha.

"Breki iko wapi?"

"Haina."

"Imeibiwa?"

"Haikuwa nayo tangu mwanzo."

Alizunguka baskeli mara mbili, akainama, akagusa mnyororo. "Basi umeuziwa mbovu," alisema, na akanishauri kwa huruma kabisa niende nikashtaki.

Mara ya kwanza kuona uwanja wenyewe khasa ilikuwa nje ya nchi. Njia ya mbao, ya duara, kona zake zimeinuliwa kama ukuta wa nyumba. Mimi niliyekuwa bingwa wa kuzunguka kiwanja cha mpira nilisimama chini nikautazama ule ukuta, nikasema sipandi. Mkuu wa msafara wetu, mtu wa ofisini ambaye baskeli aliijua kwa picha, alinambia nipande polepole ili nizoee. Ukipanda polepole unateleza mpaka chini na mbao zinakuchuna ngozi. Niliteleza. Ami Hilali akamtoa yule bwana uwanjani kwa mkono, kama unavyomtoa kuku jikoni, akanambia neno moja, "Piga." Nikapiga, na ukuta ukanishika.

Miaka michache ikapita tukawa timu. Ushindi ulikuja, na kila ushindi ulikuja na hotuba. Na ndipo akaja Badar.

Badar alikuwa mdogo wangu kwa miaka sita, mtoto wa watu wa Mombasa waliohamia hapa. Ami Hilali alimpata dukani, kaja kutia upepo, akamtazama miguu na kumwambia arudi kesho. Alimlea kama alivyonilea mimi, ila mimi alinigombeza na Badar alimgombeza kisha akampa chakula. Baada ya mwaka mmoja nilijua kuwa kijana huyu atanipita. Baada ya miwili alikuwa keshanipita na ananificha, kwa adabu, akipunguza mwendo kwenye mazoezi ili tufike pamoja. Hilo liliniudhi kuliko kushindwa.

Sasa nisikilizeni habari ya tairi, nyinyi mnaojifanya mmeijua kwa kutazama simu. Tairi la uwanjani hubandikwa kwa gundi. Unapaka gundi kwenye ringi, unaacha ikauke. Unapaka tena. Unapaka kwenye tairi. Ndipo unabandika, unakaza kwa mikono mpaka vidole vinauma, na unaliacha siku nzima na zaidi hujaligusa. Nyinyi mnabandika asubuhi mnapanda jioni. Nikisema, mnanijibu, "Mwalimu, gundi za siku hizi nzuri." Nzuri! Haya.

Safari ile ninayotaka kuihadithia, ya fainali, gundi yetu ilizuiliwa forodhani kwa sababu ilinuka. Tuliipata siku moja kabla ya mbio. Ami Hilali akabandika tairi jipya kwenye gurudumu langu jepesi la mbele jioni hiyo hiyo, ili liwe tayari kwa mbio za baadaye, akalitundika ukutani. Asubuhi akaniita.

"Hilo jepesi usilipande leo. Gundi haijakauka. Panda la zamani."

"La zamani zito, Ami."

"Zito, lakini linakaa."

Zilikuwa mbio za timu, wapanda baskeli wanne kwa mstari, gurudumu la mmoja nyuma ya gurudumu la mwenziwe kiasi cha shubiri. Mimi wa kwanza, Badar nyuma yangu. Mkuu wa msafara alikuwa akipita kila dakika kutukumbusha kwamba wageni wako jukwaani na kamera zipo. "Leo hatutaki visingizio," alisema. Ami Hilali akenda kusali. Mimi nikalitazama lile gurudumu ukutani. Nilikuwa nna miaka karibu thelathini na kijana wa nyuma yangu alikuwa akinionea huruma. Nikalitungua, nikalitia kwenye baskeli mwenyewe, nikafunga nati, la zamani nikalitundika ukutani mahali pake. Ami Hilali aliporudi sisi tulikuwa tumeshaitwa kwenye mstari.

Mzunguko wa saba, kwenye kona, tairi lilichomoka kwenye ringi. Halikupasuka. Lilitoka tu, kama soksi. Mimi nilianguka kwa ndani na nikateleza. Badar hakuwa na pa kwenda. Alinipanda mgongoni kwa baskeli na kurushwa, na alipotua alitua kwa nyonga.

Nilitoka na michubuko. Badar alitiwa vyuma, na hakushindana tena.

Hospitali, kwenye viti vya korido, mkuu wa msafara alikuja na karatasi mbili. Ilikuwa ripoti, imeshaandikwa kwa mashine. Ilisema ajali imesababishwa na uzembe wa fundi, aliyetoa gurudumu ambalo gundi yake haijakauka. "Tia saini hapa," alisema, "tumalize. Wewe ndiye nahodha." Niliisoma yote. Nilitia saini.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Jibu ni la kuchosha. Nilikuwa nimechoka, niliona haya, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Ami Hilali alikuwa ndani, kakaa ubavuni mwa kitanda cha Badar.

Tuliporudi Maskati aliachishwa klabu. Alirudi Ruwi, kwenye duka lake. Hakuna neno alilosema, kwangu wala kwa mtu mwingine, ingawa aliona kwa macho yake lile gurudumu la zamani limebaki ukutani. Mwezi wa tatu baada ya hapo nilikuwa nna ringi iliyopinda na hapakuwa na mtu mwingine hapa mjini wa kuinyoosha. Nikaenda dukani. Akaichukua, akainyoosha, akanirudishia.

"Spoki zako umezilegeza," alisema. "Unakaza upande mmoja tu."

Laiti angenitukana! Nilikwenda kwake namna hiyo miaka na miaka, nikiwa bingwa na nikiwa mwalimu, na kila mara alinitengenezea na kunifundisha na hakusema. Nilikuwa nikitoka pale nimekasirika, wallahi, na hasira yenyewe sikujua niipeleke wapi.

Badar alipewa ile ripoti aisome alipotoka hospitali. Aliamini kila neno. Saini yangu ilikuwa chini. Akapata kazi ya ofisini, akaoa, akanenepa, akawa mtu wa kuchechemea na wa maneno machache. Mimi alinipenda. Kila Idi nilikula kwake. Ami Hilali hakumpa salamu tena. Wakikutana msibani, Badar alikaa upande wa pili wa msikiti. Mtu aliyemlisha! Nami nilikuwa nikiyaona haya, nikinywa kahawa.

Miaka ya ualimu sina mengi ya kusema ambayo hamkuyaona. Kila mwaka nilijaza fomu ya kuomba uwanja wa baskeli, na kila mwaka niliambiwa mwakani. Huyo mwakani sijamwona. Nilifundisha wasichana walipoanza kuja, na hao angalau walisikiliza walipoambiwa wapake gundi mara tatu. Nilinyoosha ringi nyingi. Nilimfukuza kijana mmoja hodari kwa kupanda gurudumu nililomkataza, na watu wakasema mwalimu mkali mno, na mimi nikajijua nnamgombeza nani.

Kisha nikastaafu. Klabu ikafanya karamu ya kuniaga, na mtu mwenye akili zake akaamua kuwaalika Badar na Ami Hilali wote wawili bila ya kuniuliza. Nilipewa ngao yenye picha ya baskeli ya milimani, ina breki na gia ishirini. Nilikuwa nimesimama na ngao hiyo mkononi wakati Ami Hilali alipoingia ukumbini, kashikwa mkono na binti yake Salma. Siku hizi hatembei peke yake. Watu wakainuka kumwamkia. Badar akainuka pia, akachukua fimbo yake, akapita mlango wa pili.

Thuraya alikuwa kakaa karibu yangu. Yeye nilikuwa nimemwambia zamani.

"Seif," alisema, "huu mchezo utaucheza mpaka lini?"

Nikamfuata Badar uwanja wa magari.

"Ngoja."

"Hukunambia kama atakuwapo."

"Sikujua. Badar, lile gurudumu nililichukua mimi."

Alikuwa keshafungua mlango wa gari. "Gurudumu gani?"

"Ami Hilali aliniambia nisilipande. Alikwenda kusali nikalitungua mwenyewe. Hakulitoa yeye."

"Na ripoti?"

"Nilitia saini."

"Uliisoma kwanza?"

Hilo sikulitarajia. Ningeweza kusema sikuisoma. Mtu yeyote angeniamini. Nani husoma makaratasi ya ofisi?

"Niliisoma."

Badar alitia fimbo ndani ya gari, akaingia yeye, taratibu, mguu ule mbovu akauinua kwa mikono. "Idi zote zile," alisema. "Unakaa kwangu, unakula, unanipa pole." Akafunga mlango na akaondoka.

Siku ya pili nilikwenda ofisini, Al Khuwair, kuomba ile ripoti isahihishwe. Binti mmoja mwenye adabu aliitafuta kwenye kompyuta. Hakuna. Akaitafuta kwenye ghala ya mafaili. Hakuna. Mkuu wa msafara keshafariki, na mafaili ya wakati ule yalihamishwa mara mbili.

"Ammi, siwezi kusahihisha kitu ambacho hakipo," alisema.

"Kipo. Watu wamekiamini maisha yao yote."

"Ma yisir, ammi. Haiwezekani. Hata fomu yake hakuna."

Nikaomba karatasi tupu. Nikaandika kwa mkono: kwamba gurudumu nililichukua mimi, kwamba fundi alinikataza, kwamba nilitia saini nikijua. Nikamwambia aigonge muhuri. Akasema agonge muhuri wa idara gani? Nikasema yoyote. Nilikaa pale mpaka adhana ya adhuhuri, na nadhani aliigonga ili aende zake. Nakala nnayo. Ukitaka kuiona njoo nyumbani, kwa baskeli.

Siku ya nne Badar akapiga simu. Hakutoa salamu.

"Ami Hilali anakaa wapi siku hizi?"

"Kwa Salma. Ghorofa, nyuma ya barabara kuu."

"Nipeleke."

Lifti ilikuwa mbovu, kama inavyotakiwa, na Badar akapanda ngazi za ghorofa tatu kwa fimbo, akikataa mkono wangu kila nikiunyoosha. Salma akatufungulia. Ami Hilali alikuwa kakaa sebuleni, kajifunika shuka miguuni, redio sikioni. Badar akainama akambusu kichwa, akabaki vile vile kainama.

"Nani huyu?" aliuliza Ami Hilali.

"Badar, Ami," nilisema.

"Badar namjua. Nnauliza huyu mnene."

Badar akakaa chini, pale pale kwenye zulia, na mguu wake kaunyoosha. "Ami, kwa nini hukunambia?"

"Ungesema nnajitetea."

"Ningekuamini."

"Usingeniamini. Ulikuwa umelala na vyuma kwenye nyonga, na kaka yako huyu keshatia saini." Akazima redio. "Nilikuwa nnangoja yeye aseme. Sikujua kama ni mzito hivi."

Nilikuwa bado nimesimama mlangoni, na viatu sijavivua. Nilianza kusema neno la kumtaka radhi, nililokuwa nimelipanga njia nzima, na sikufika katikati.

"Na wewe unangoja nini hapo?" alisema. "Katie maji ya chai."

Salma akataka kuinuka. Akamzuia kwa mkono. "Muache. Aende yeye."

Nikaenda jikoni, nikatafuta sufuria katika makabati ya watu, nikaweka maji juu ya moto. Kutoka sebuleni nilisikia Badar analia. Kisha nikamsikia Ami Hilali anamgombeza. Kisha wakaanza kusema wote wawili kwa pamoja, sauti juu, hakuna anayemsikiliza mwenziwe. Maji yakachemka. Nikayaacha yachemke.